Msalaba Niliouficha kwenye Sanduku la Nguo

Kuna Jumatatu moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na harusi yangu ilikuwa na bendi.

Tulikuwa walimu sita tumesimama mbele ya shule ya kambi ya wafanyakazi, hapa hapa Likasi. Watoto walikuwa wamemaliza kuimba na kucheza nyimbo za chama tawala, kama ilivyokuwa lazima kila asubuhi, jasho likiwatoka hata kabla ya somo la kwanza. Direkta wetu, yaani mwalimu mkuu, akakunjua karatasi. Ilikuwa baridi ya mwezi wa sita. Akasoma kwamba misalaba yote itolewe madarasani na kukabidhiwa kwake kabla ya saa sita, na mahali pake itundikwe picha ya rais. Hakueleza chochote. Akaikunja karatasi, akasema, "Bon. Mumesikia. Muende mufanye."

Ninyi mliozaliwa juzi hamwezi kuelewa miaka ile, na siwalaumu, kwa maana hata sisi tulioiishi hatukuielewa. Mimi nilibatizwa Veronika. Tukaamka siku moja tukaambiwa Veronika ni jina la wazungu, nikawa Ngoie basi. Kumwita mtu "Bwana" au "Bibi" kukawa kosa. Kila mwanamume alikuwa sitwayen, kila mwanamke sitwayene, yaani raia. Padre aliyenibatiza alijisahau akaniita Veronika barabarani, kisha akageuka kutazama nani amesikia. Padre mzima! Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na sikujua nicheke au nilie.

Basi nikaingia darasani kwangu, darasa la pili. Msalaba wetu ulikuwa wa mbao nyeusi, urefu wake kama mkono wangu huu. Mwaka uliotangulia ulianguka, Yesu akavunjika mguu wa kulia, na mlinzi wa shule akamchongea mguu mwingine kutoka ubao wa sanduku la sabuni. Mguu ule mpya ulikuwa mweupe na mnene kidogo, kama umevimba. Watoto walicheka mwezi mzima. Mlinzi huyo aliitwa Mzee Numbi, mtu mkimya, zamani alifanya kazi Koni, kwenye mitambo ya umeme, mpaka mgongo ukamchosha, akapewa kazi nyepesi ya kutunza funguo za shule.

Nilipanda juu ya dawati, nikautoa ule msalaba ukutani, na mara nikaona siwezi. Siwezi kumpeleka Yesu kwa watu wa chama. Nikamfunga kwa kitenge, nikamweka kwenye kikapu, nikafunika kwa madaftari ya watoto, na wakati wa mapumziko nikavuka barabara hadi nyumbani kwa mama, nikamficha ndani ya sanduku la bati, chini ya nguo zangu za Pasaka. Nilirudi darasani najiona shujaa. Nakwambia ukweli, nilijiona mtu mkubwa sana.

Saa sita direkta akakusanya misalaba. Ilikuwa mitano.

"Sitwayene Ngoie, ya kwako iko wapi?"

"Nilikuta ukuta mutupu, direkta."

Uongo ulinitoka laini kabisa, sikumeza hata mate. Sikuona hata kama ni uongo. Niliona nimemtetea Mungu, na anayemtetea Mungu, nikadhani, huwa anaruhusiwa mambo mawili matatu.

Kesho yake vijana wa chama, walioletewa misalaba mitano badala ya sita, walifika shuleni wakauliza nani ana funguo. Nani mwingine? Wakamchukua Mzee Numbi mbele ya watoto, wakampeleka kwenye kasho ya komine, chumba cha kufungia watu kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, akae humo mpaka aseme msalaba umekwenda wapi. Mkuu wa kambi akamwambia mke wa Mzee Numbi, Mama Kabange, kwamba mumewe akiandikwa mwizi anafukuzwa kazi, na Jumamosi ya juma la pili wahame. Ujue, nyumba za kambi zilikwenda na kazi. Kazi ikiisha, nyumba imeisha, hospitali imeisha, na mposho, ule unga na samaki wa kila mwezi, umeisha. Walikuwa na watoto watano, wa mwisho bado ananyonya.

Nawe unaniuliza, kwa nini hukwenda siku ile ile kusema? Hilo ndilo swali, mwanangu. Nimejiuliza miaka mingi. Sikunyamaza kwa sababu sikumhurumia; nilimhurumia mpaka chakula hakikupita. Ila nilijiambia: nikisema, watamchukua Yesu wamvunje, nitakuwa nimemsaliti. Nikinyamaza, Yesu yuko salama, na yeye mwenyewe, kwa kuwa nimemwokoa, atamwokoa Mzee Numbi. Kwangu hesabu hiyo ilikuwa imekaa sawa. Nikaanza novena, sala za siku tisa. Kila alasiri nilifungua sanduku, nikamsimamisha Yesu kwenye kiti, nikapiga magoti, nikasema naye kama mtu anayemkumbusha jirani wema aliomtendea: "Minye nilikuokota. Weye sasa umutoshe Numbi," yaani umtoe kifungoni.

Mama yangu alijua. Siku ya kwanza aliukuta msalaba sandukuni akalia kwa furaha. "Mutoto yangu! Umechunga Yezu sawa Maria alimuchunga mu Misri!" Lakini mama, Mungu amrehemu, mdomo wake haukuwa na kifuniko. Akamnong'oneza mwenzake mmoja wa rozari, huyo akamnong'oneza mwingine, na kufika siku ya tatu wamama wakaanza kuja wawili wawili, kama wanaoomba chumvi. Mmoja alileta kofia ngumu ya mumewe, mfanyakazi wa kiwandani, akaigusisha kichwani mwa Yesu ili kitu chochote kisimwangukie kazini. Mwingine alileta mbegu za mahindi za shamba lake la Kamatanda. Mwingine shati la mtoto asiyefaulu mtihani. Walinibusu mikono! Mimi, mtoto wa jana!

Ilinipanda kichwani. Jumapili ile sikwenda misa. Nilisema misa ya nini, na mimi Bwana ninaye chumbani? Nikaanza kumjibu mama yangu ovyo. Mwalimu mwenzangu aliponiomba tuchange unga kidogo tupeleke kwa Mama Kabange, nilimjibu kwamba mimi ninamsaidia kwa njia nyingine, ya juu zaidi. Ya juu zaidi! Nikikumbuka neno hilo natamani kujizaba kofi.

Na bado sikuwa na amani. Hapo ndipo mambo yaliponichanganya. Kila aliyekuja alinisifu, na kila nilipobaki peke yangu tumbo lilinikata. Siku ya tano nilimtazama Yesu kwenye kiti nikamuuliza kwa nini Numbi hajatoka. Siku ya sita nikadhani labda kiti ndicho kibaya, nikamweka juu ya meza. Siku ya saba nikawasha mshumaa mkubwa zaidi. Ya nane nikabadilisha kitambaa. Msomi mzima, mwalimu wa watoto, nahangaika na kitambaa, na barabara ya kwenda kwa direkta ilikuwa ya dakika tano.

Siku ya tisa, Jumatano, saa nane mchana, hodi. Nikafungua. Alikuwa Mama Kabange, mtoto mgongoni.

Nilidhani amekuja kunishika. Kumbe alikuwa amesikia tu kwa wamama kwamba kwetu kuna Yesu anayesikiliza. Alinipigia goti pale mlangoni, mimi mdogo wake kwa miaka kumi na tano. "Mwalimu, unisaidie. Minye sina tena pa kwenda. Jumamosi banatutosha mu nyumba."

Ningefanya nini? Nilimwingiza. Mama alikuwa amekaa karibu na dirisha anachambua sombe, majani ya muhogo. Mama Kabange akamshusha mtoto kwenye mkeka, akapiga magoti mbele ya meza, akafumba macho, akanyoosha mikono kugusa miguu ya Yesu kama walivyofanya wote. Nikaona vidole vyake vinasimama. Vikapita tena juu ya ule mguu mnene, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba. Akafumbua macho.

Mtoto akaanza kunung'unika kwenye mkeka. Kisha akaniuliza bila kugeuka, "Mwalimu, huyu Yezu ulimutosha wapi?"

Niliinama nikajifanya namtuliza mtoto.

"Huu muguu ni bwana yangu njo aliuchonga. Mu nyumba yetu. Minye nilimushikia ubao." Hapo akageuka. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. "Sasa uniambie weye, uliyesoma. Nipigie magoti nani? Huyu wa mbao, ao weye? Sababu kufunguliwa kwa Numbi haiko kwa huyu. Iko mu kinywa yako."

Mama yangu akaingilia, "Mama Kabange, angalia, mutoto alifanya juu ya Mungu..."

"Mama, minye siongei na weye." Akamfunga mtoto mgongoni, na kabla ya kutoka akakirudisha kile kitenge vizuri juu ya msalaba, akakikunja pembe kama unavyomfunika mtu anayelala. "Sitaambia muntu," alisema. "Weye njo utasema. Ao hutasema."

Akaenda zake, mwanangu. Hakunitisha wala hakunilaani. Aliniacha na jambo langu.

Niliporudi ndani mama alikuwa ameukumbatia msalaba. Akaniambia nisithubutu. "Ukimupeleka kule banamuvunja! Utakuwa umemuuzisha sawa Yuda!" Na mimi nilisimama katikati ya chumba, huku mama yangu, kule mlango aliotokea Mama Kabange, na wote wawili niliona wanasema kweli. Nikapiga magoti nisali, sala haikuja. Nikasimama, nikaketi, nikasimama tena. Nilitaka mtu mkubwa aniambie fanya hivi, na mkubwa aliyekuwepo alikuwa analia. Hata leo sitakudanganya kwamba nilipata mwanga. Sikupata. Nilichokijua ni kitu kimoja kidogo tu: nilikuwa nimesema uongo, na mtu alikuwa amelala sakafuni kwa ajili ya uongo huo. Mengine yote yalikuwa ukungu. Nikashika hicho kidogo, nikamnyang'anya mama msalaba, nikatoka.

Direkta alikuwa ofisini. Nikauweka mezani kwake, nikafunua kitenge. Aliruka kufunga mlango.

"Weye uko na akili kweli? Nani alikuona?"

"Direkta, ile siku nilisema uongo. Niliubeba minye. Mzee Numbi hajui kitu. Andika."

Akavua miwani akaipangusa, akaivaa, akaivua. Nilitegemea atanikaripia, hilo nilikuwa nimejiandaa. Badala yake aliongea taratibu kama anayembembeleza mgonjwa. "Karatasi ya Numbi ilisha kwenda. Nani anataka jambo mupya? Rudia kwenu na musalaba yako, uufukie. Numbi ni muzee, siku moja batamuachilia. Unajua kwenye batakupeleka weye?"

"Siyue," nikamwambia. Lilikuwa jibu la kweli kabisa, sikujua chochote. "Lakini andika."

"Minye niko na batoto munane, Veronika."

Aliniita Veronika. Machozi yalimjaa, na hapo nikamwelewa kidogo: kumbe naye alikuwa na chumba chake cha kuficha mambo. Nikamwambia kwamba asipoandika nitakwenda mwenyewe. Alikaa, akaandika, kalamu ikitoboa karatasi, na hakunitazama tena.

Kwenye ofisi ya chama kijana mmoja aliupokea msalaba wangu, akautupa pembeni juu ya mingine, kama kuni. Nikangoja kitu kitokee. Sijui nilingoja nini, radi labda. Hakuna kilichotokea. Kijana aliuliza jina langu huku akipiga miayo. Yule niliyemlinda siku tisa kuliko nilivyomlinda mtu, amelala pale na mguu wake mweupe, na mimi nilihisi huzuni na wepesi kwa pamoja, sikuweza kuvitenganisha. Sikuuona tena. Mimi walinifungia siku nne, nikatoka si mwalimu tena. Mama hakunisemesha mpaka Krismasi.

Mzee Numbi walimwachilia Ijumaa, siku moja kabla ya nyumba kuchukuliwa. Walibaki mle ndani, unga wao wakaupata. Ukiishia hapo, hadithi ni nzuri, na watu wengi wakiisimulia huishia hapo.

Mimi nilikwenda kwao baada ya kutoka. Alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda, anatengeneza kiti. Nikapiga magoti upande wake wa kushoto kama tunavyowasalimu wakubwa, nikamwambia yote, nalia, namwomba msamaha, naeleza habari ya novena na vijana wa chama. Hakusema neno. Akaendelea kupiga msumari. Nikasema nimestahili. Mpaka Mama Kabange akatoka jikoni akanishika bega. "Mwalimu, pita huku. Lile sikio lilikufa. Banamupiga kofi mu kasho, ile Jumatatu."

Jumatatu. Nikahesabu kwa vidole palepale. Ilikuwa siku ya saba ya novena yangu. Siku ya mshumaa mkubwa.

Nikazunguka upande wa kulia, nikaanza upya. Sikuweza kumaliza. Mzee Numbi aliweka nyundo chini, akasema, "Nyamaza, mutoto yangu. Minye nilikuona ile Jumatatu ya kwanza. Nilikuona ku dirisha, uko juu ya dawati."

Alikuwa amejua tangu mwanzo! Siku zote zile wanamuuliza nani, wanampiga, jina langu liko kinywani mwake, na hakulitoa, hata kwa mke wake.

"Juu ya nini hukusema, Baba?"

Aliokota nyundo yake. "Nilijua utakuya kusema weye mwenyewe," alisema. "Kila siku nilisema, leo atakuya."

Mtu huyo hakuwa na rozari, mwanangu. Hakuwa na medali shingoni, hakuwa hata wa mbele kanisani, alikuwa anakaa karibu na mlango kwa ajili ya mgongo. Nilitafuta Mungu chumbani kwangu kwa mshumaa na kitambaa, na wakati huo huo kulikuwa na mtu kwenye sakafu ya kasho anamtumikia Mungu kwa kuninyamazia mimi. Hilo silielewi mpaka leo. Alipaswa kusema? Ningekuwa yeye ningesema kabla ya kofi la kwanza. Nilimuuliza mara nyingi tena, mpaka alipofariki, naye alikuwa akicheka tu na kunigeuzia sikio zima.

Sasa nisikilize, maana ndiyo sababu nimekuita. Nimeona umejaza nyumba yako: maji ya baraka kwenye chupa, picha mlangoni, mafuta ya mchungaji huyu na kitambaa cha yule, rozari kwenye kioo cha taksibasi yako. Sikwambii uvitupe. Mimi mwenyewe rozari yangu iko chini ya mto, na nikiikosa sipati usingizi. Msalaba ule niliupenda kweli, na siamini kupenda kwangu kulikuwa dhambi. Dhambi ilikuwa hii: Mungu alinipa kazi ya kufanya, kusema ukweli na kumtoa mtu, na mimi kazi hiyo nikaipa mbao. Nikampa yeye novena ili nisimpe utii.

Kwa hiyo siku utakapokuwa umepiga magoti, ukasikia tumbo linakukata, usibadilishe kitambaa. Simama. Jiulize ni nani anakungoja, na umemwambia nani uongo, kisha vaa viatu uende kwake, leo, usingoje siku ya tisa. Utachanganyikiwa, ndiyo, mimi nilichanganyikiwa na bado nimechanganyikiwa. Nenda hivyo hivyo ulivyochanganyikiwa. Mimi nilifika siku tatu kabla ya kuchelewa kabisa kwa nyumba ile, na siku mbili baada ya kuchelewa kabisa kwa sikio lile.

Mungu akupe miguu myepesi ya kwenda kwa uliyemkosea, mwanangu, na akupe kinywa kisichomfungia mtu ndani. Akulindie wanao na usukani wako. Na pale utakapokawia, kwa maana utakawia, akuwekee mahali fulani mtu kama Numbi, anayesema kila asubuhi kwamba leo utakuja.